Usilipie hizo spika nne kabla hujasoma omu nyuma ya risiva yako

Mkuu, rudisha hizo hela mfukoni. Umeandika kwamba risiva yako, yaani ile amplifaya ya sinema ya nyumbani, ni ya chaneli tano na sabufa, kwamba kuna mtu anakuuzia spika nne ndogo zilizotolewa kwenye seti za zamani za deki ya DVD, na kwamba amekuhakikishia utazifunga mbili mbili kwenye chaneli za saraundi (zile za sauti za pembeni na nyuma) na sebule nzima itajaa sauti. Maneno hayo niliuziwa na mimi, karibu yote kama yalivyo, na risiva yangu haikumaliza wiki.

Ilikuwa risiva ya mtumba kutoka Uingereza, nzito kama gunia la mahindi, na niliinunua kwa shilingi 450,000 baada ya kuinyima familia mambo kadhaa ambayo sitayataja hapa. Nyuma yake, juu kidogo ya sehemu za kufungia waya, palikuwa na maandishi madogo yanayosema spika ziwe za omu 6 hadi 16; omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, na zikiwa chache mno risiva hulemewa. Niliyaona maandishi hayo. Nilidhani ni kama ile onyo ya kutokufungua kifuniko, ambayo kila mtu huisoma huku akiwa na bisibisi mkononi.

Muuzaji wa Kariakoo alinipa spika nne za omu 3 za seti ya deki ya DVD, akanionyesha boksi lililoandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara, kisha akaniambia, "Bosi, omu ni mambo ya vitabuni, wewe angalia wati." Kwa sauti ya chini kila kitu kilikwenda vizuri, na kwa siku mbili nilijiona fundi. Jumamosi nikawaalika shemeji yangu na majirani kutazama mpira, nikapandisha sauti, na baada ya dakika kama 40 risiva ikajizima yenyewe na kuandika kwenye kioo chake kwamba imeingia kwenye hali ya kujilinda. Nikampigia simu yule bwana. Akasema umeme wa mtaani kwetu ni mdogo, niiwashe tena. Niliiwasha mara nne. Nikaichukulia feni kutoka chumbani na kuielekeza juu ya kifuniko, kiasi kwamba usiku ule risiva ilipepewa kuliko wageni. Mara ya nne ikatoa mlio mmoja mkavu, ikafuatiwa na harufu ya nywele zilizoungua, na shemeji akauliza kwa upole kama hiyo nayo ni sehemu ya saraundi.

Fundi alipoifungua alinionyesha transista (vipande vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika) za chaneli za saraundi zilizopasuka kama karanga. Kisha akaweka mita yake ya kupimia umeme kwenye spika moja, ikasoma omu 2.7; akazishikanisha mbili kama nilivyokuwa nimezifunga, ikasoma karibu 1.4. Spika mbili za omu 3 zikifungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hazijumlishi omu bali zinazigawa, hivyo risiva iliyotengenezwa kuanzia omu 6 ilikuwa inasukuma mzigo wa omu 1.5. Kwa kiwango kile kile cha sauti, mzigo huo huvuta mkondo wa umeme mara nne zaidi, na mkondo huo wote ulipita kwenye transista zisizo kubwa kuliko stempu ya posta. Risiva haikuwa na tatizo la umeme mdogo. Ilikuwa inaniomba msamaha mara nne mfululizo nami naibonyeza iendelee. Matengenezo yalikula shilingi 180,000 na wiki mbili za kutazama sinema kwa spika za televisheni.

Na zile wati 1000? Stika iliyokuwa nyuma ya deki ya seti ile ile ilisema mashine nzima hutumia wati 90 za umeme. Anayeweza kunieleza wati nyingine 910 hutoka wapi kwa muda wa wimbo mzima anitafute, tutajenga bwawa la umeme pamoja. Hesabu ya PMPO, yaani hizo wati za kutia chumvi zinazochapwa kwenye maboksi, haikuambii spika inaweza kubeba nini wala risiva itahimili nini. Ninachomlaumu muuzaji si kutojua, maana hata mimi sikujua. Ninamlaumu kwa sababu nilimsomea maandishi ya nyuma ya risiva kwa sauti, naye akacheka.

Kwa hiyo soma omu kwanza, wati baadaye. Geuza kila spika utafute alama inayofanana na kiatu cha farasi na namba iliyo kando yake. Seti nyingi za deki zilikuja na spika za omu 3 au 4, kwa sababu amplifaya yake ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Stika ikiwa imebanduka, tumia mita, ukikumbuka kwamba spika ya omu 8 kwa kawaida husoma karibu 6. Na kama utaambiwa ubadilishe mpangilio wa omu kwenye menyu ya risiva, fahamu kwamba mara nyingi mpangilio huo huipunguzia amplifaya volti tu. Hauigeuzi kuwa mashine ya kubeba omu 1.5.

Isitoshe, huna haja ya hizo spika nne. Sauti ya 5.1, yaani ya chaneli tano na sabufa kama risiva yako, ina chaneli mbili tu za saraundi, na spika ya ziada itarudia kile kile kinachosemwa na jirani yake. Mbili za omu 8 zinatosha, zikiwekwa pembeni na nyuma kidogo ya kochi, juu kidogo ya masikio. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa spika tano ni digrii 100 hadi 120 kutoka ilipo spika ya kati. Zangu za sasa ni za rafu, za mtumba pia, na sijaihitaji feni tena.

Uliuliza pia habari za unene wa waya na za spika zisizotumia waya, nitarudi kwenye hayo. Kwanza piga picha ya nyuma ya risiva na ya nyuma ya spika hizo, uziweke hapa kabla hujamjibu huyo mtu.