Fedha za kaka zinakwenda wapi?

SWALI: Kaka yangu yuko ughaibuni, huu mwaka wa tatu. Kila mwezi humtumia mama fedha, nami ndiye mshika daftari. Juzi kapiga simu akifoka: "Mnakula tu!" Sisi tumelipa ada ya mdogo wetu, dawa za mama, na tumeezeka paa upya. Tunakosea?

JIBU: Hamkosei, mdogo wangu. Tangu lini paa likawa kula? Watafiti Adams na Cuecuecha, katika utafiti wao wa Guatemala uliochapishwa 2010, waliona familia zinazopokea fedha kutoka nje zikipeleka sehemu ndogo zaidi ya nyongeza ya kipato kwenye chakula, na kubwa zaidi kwenye elimu na nyumba, kuliko ambavyo zingefanya bila fedha hizo. Fedha hizi si mshahara wa uhakika, kwa hiyo wengi huziweka kwenye vitu vya kudumu.

Linalonitia shaka ni hilo daftari. Kaka huliona? Piga picha ukurasa kila mwisho wa mwezi, umtumie kabla hajauliza. Na msikope kwa kutegemea hela ambayo haijaingia. Mimi nilikopa hivyo, mwezi ule haikuja, nikawa najificha mdai akibisha hodi.