Maswali ya Wasomaji: Nataka Mustang Yangu Iwe Kama Ile ya Bullitt

SWALI: Habari za kazi fundi, nimekuwa nasoma ukurasa huu muda mrefu leo na mimi nina langu. Nimenunua Ford Mustang fastback (ile ya paa linaloteremka mpaka nyuma) ya 1968, ilikaa sana imefunikwa turubai, injini yake ni V8 ile ya 302 (inchi za ujazo), na mwenyewe wa zamani aliipaka rangi nyekundu. Sasa mimi muvi yangu ya maisha ni Bullitt, ile Steve McQueen akiwa mpelelezi anafukuzana na Dodge Charger nyeusi kwenye vilima vya San Francisco, na nataka hii gari iwe kama ile ya kijani, ile ile. Nimeshaanza kuchagua vitu mtandaoni, kuna nembo za Bullitt za kubandika nyuma, spoila, rimu za inchi 18. Fundi rangi anasema tuanze na rangi ili nipate moyo wa kuendelea. Na injini je, ning'oe 302 niweke 390 kama ya kwenye muvi? Nishauri kabla sijamwaga hela. – Mpenda Mustang

JIBU: Ndugu yangu hongera, umepata bodi sahihi na umepata mwaka sahihi, kuna watu wananunua ya 1967 halafu wanakesha na yale mapambo ya pembeni nyuma ya mlango maana hayafanani. Ila kabla ya yote, hivyo vitu ulivyovitaja sitisha oda. Nembo zote, spoila, na rimu za 18.

Nakuambia hivi kwa sababu watu wengi wakitaka gari ya Bullitt wanaishia kuiga zile Mustang ambazo Ford wenyewe walikuja kuzitoa baadaye kwa jina hilo, ya 2001, ya 2008 na ya 2019, ambazo ni gari nzuri lakini siyo ile. Ile ya 1968 ilivuliwa, haikuongezwa. Nembo ya farasi kwenye shoo ya mbele, yaani grili, ilitolewa, taa za fogi zikatolewa, nembo zikang'olewa, shoo ikawa nyeusi tupu, ikabaki gari ya mpelelezi ambaye hataki mtu amwangalie mara mbili. Rimu ni za American Racing aina ya Torq Thrust, inchi 15, na tairi zenye ukuta mnene. Ukiweka 18 na tairi nyembamba hata upake kijani mara kumi, mtu anayeijua muvi ataona kutoka mbali kuwa siyo.

Sasa kabla hujashika spana soma chasisi namba, na naomba hapa usinipuuze. Kwa Mustang ya 1968 iko kwenye kibati juu ya dashibodi upande wa abiria, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo. Namba 8 ya mwanzo ni mwaka, herufi inayofuata ni kiwanda, R ni San Jose kule California, halafu 02 maana yake ni fastback, halafu inakuja herufi ya injini: F ni 302 ya kabureta ya midomo miwili, J ni 302 ya midomo minne, S ni 390 GT. Hakikisha pia namba iliyogongwa kwenye bati la ndani ya boneti karibu na fenda inafanana na hiyo ya dashibodi na ya kwenye kadi. Ukikuta herufi S, simama hapo hapo, hiyo gari irudishe ilivyotoka kiwandani, usiifanye replika ya kitu chochote.

Kwanini nasisitiza? Muvi ilitumia Mustang mbili, moja ya kuonekana na moja ya kuruka. Ile ya kuruka ilipotea miaka mingi watu wakaamini ilishasagwa, kumbe 2017 ikatangazwa imeonekana Baja California kule Mexico, na waliokuwa nayo walikuwa kwenye mpango wa kuigeuza Eleanor, yaani Mustang ya muvi nyingine kabisa! Kilichoiokoa ni mtu kufuatilia chasisi namba kabla haijakatwa. Fikiria, gari halisi ya muvi nusura iharibiwe ili iwe nakala ya gari ya muvi nyingine. Mimi hiyo habari kila nikiikumbuka nasema namba kwanza, grainda baadaye.

Kuhusu fundi wako kutaka kuanza na rangi, hapana, hapana kabisa. Mustang za miaka ile hazina chasisi ya kusimama peke yake kama lori, bodi ndiyo chasisi, kwa hiyo kutu ikiila sakafu imekula uti wa mgongo. Na kutu yake ina mlango wake wa kuingilia. Pale chini ya kioo cha mbele, kwenye yale matundu ya hewa karibu na waipa, ndani yake kuna vikombe viwili vya bati ambavyo maji ya mvua na majani makavu hukaa, vikitoboka maji yanashuka moja kwa moja kwenye sakafu chini ya kapeti, mwenye gari hajui kitu. Fanya hivi: toa kapeti lote, chukua jagi la maji, mimina taratibu kwenye yale matundu upande wa kulia, mwenzio alale chini ya dashibodi na tochi, halafu rudia kushoto. Ukiona hata mchirizi mmoja basi usidanganywe na silikoni, kazi yake ni kutoboa zile nukta za welding, kufungua bati la juu, kubadilisha vikombe, na kurudishia. Ni kazi ndefu na inaumiza, lakini ukipaka rangi juu ya hiyo hali utakuwa unarudi kuikata ikiwa tayari inang'aa.

Ukimaliza hapo angalia sakafu, zile reli za chini, na minara ya shokapu ndani ya boneti, ile minara huwa inapasuka kwa uchovu hasa gari ikiwa imeendeshwa kwa fujo. Hata kwenye muvi, Max Balchowsky aliyeandaa zile gari aliimarisha suspensheni kwanza, kwa sababu zile kuruka za San Francisco zingezipasua, na mwendo kwenye kufukuzana ulipita kilomita 170 kwa saa. Wewe hutaruka ila barabara yenye mashimo nayo ni ngumi. Breki za mbele weka diski kama hazipo, na ukifungua breki kuukuu usipulize lile vumbi kwa kompresa, pedi za zamani nyingi zina asbesto, lifute likiwa limelowa na vaa barakoa ya maana.

Halafu matundu ya nembo. Ukitoa maandishi na farasi yanabaki matundu madogo madogo kwenye bati, mafundi wengi wanajaza puti wanapiga msasa wanasonga mbele, na mwaka haujaisha unaona viduara vinachomoza kwenye rangi. Yafungwe kwa kuchomelea: weka kipande cha shaba kwa nyuma, piga nukta moja, acha ipoe, hamia tundu lingine la mbali, rudi. Bati likipata moto mwingi sehemu moja linajikunja na hapo ndipo utakapohitaji puti nyingi kweli kweli.

Rangi yenyewe inaitwa Highland Green, msimbo wa rangi wa Ford wa 1968 ni R. Usimpelekee fundi picha ya simu, kijani kile kwenye skrini hubadilika kila unapoangalia. Mpe huo msimbo, apake kipande cha bati, kitazame juani, kivulini, na jioni, ndipo umwambie endelea. Na usimruhusu aweke vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka ionekane kama kioo, kwenye muvi ile gari inaonekana imetumika, ina maisha ndani yake, na kwangu mimi huo ndio uzuri wake wote.

Injini? Mimi ningeacha 302. Najua haitakufurahisha. Ile 390 ni lita 6.4, Ford waliiandika kuwa na nguvu farasi 325, lakini ni nzito, inakaa mbele kwa kubanana kati ya ile minara ya shokapu, na ukiiweka inakulazimisha kubadilisha springi, rejeta, gia, difu, ekzosi. Hela hiyo hiyo ingemaliza bodi na breki na ibaki chenji. Kama 302 yako ni nzima ifanyie overholi, weka gia ya mkono ya spidi nne kama ilikuja na otomatiki, na ekzosi pacha inayotoa mlio mzito, kwa sababu mlio ni nusu ya ile muvi: mtunzi wa muziki Lalo Schifrin aliacha kufukuzana kusiwe na muziki kabisa, unasikia injini na tairi tu. Wa kuona kwa nje hatajua kilichomo ndani ya boneti, na akikuuliza mwambie ukweli.

SWALI: Fundi mimi ni mdada na gari yangu ni DeLorean ya 1981, nataka ifanane na ile ya Back to the Future. Mlango wa kushoto una mikwaruzo na kibonyeo kidogo, fundi bodi anasema tupige puti halafu tupake silva itafanana. Nimkubalie? – Mama Delo

JIBU: Dada yangu usimkubalie, mwambie aweke chini hiyo puti. Hiyo gari haina rangi, unachokiona ni stenlesi yenyewe imepigwa brashi, na silva ya kupaka haiwezi kufanana na chuma kitupu hata ichanganywe na nani, mlango mmoja utaonekana tofauti na gari nzima daima. Mkwaruzo wa juu juu unaondolewa kwa pedi ya kusugulia, unafuata mistari ya brashi ilivyo, mkono unakwenda upande mmoja kwa mstari ulionyooka, ukizungusha tu umeharibu. Na usitumie steelwul ya kawaida, vipande vyake hubaki kwenye stenlesi vinaota kutu, halafu unalaumu mlango. Kibonyeo kinahitaji mtu wa kunyoosha bati kwa nyuma taratibu, hapa hakuna puti ya kuficha makosa.

Sehemu ya kuogopa iko chini. Chasisi yake ni chuma cha kawaida kilichofunikwa epoksi, epoksi ikibanduka maji yanaingia chini yake na kutu inakula huku juu stenlesi inang'aa kama mpya. Mwambie ainyanyue aikague yote kwa tochi na nyundo ndogo. Ile milango ya kufunguka kwenda juu nayo inabebwa na fito ya chuma iliyosokotwa na kukazwa kwa nguvu nyingi, asiyeijua asiifungue, inaweza kumvunja mkono.

Na kwa kuwa unataka ifanane na ya muvi: spidomita ya DeLorean za Marekani iliishia maili 85, wenye muvi ikabidi waweke ya kufika 95 ili ile 88, mwendo ambao kwenye muvi gari husafiri kwenye wakati, ionekane. Iweke hiyo lakini ile ya asili itunze kwenye boksi pamoja na skrubu zake, siku ukiuza mnunuzi ataiulizia.

SWALI: Nikimaliza kutengeneza replika yangu ya Bullitt naweza kuiuza kwa bei kubwa kama ile iliyouzwa mamilioni? Na naruhusiwa kuendesha na ile pleti ya kwenye muvi?

JIBU: Hapana kwa yote mawili kaka. Ile iliyouzwa dola milioni 3.74 mnada wa Kissimmee, Florida, Januari 2020, ilikuwa gari yenyewe halisi ya muvi, ile ya kuonekana, imekaa na familia moja tangu 1974, na hawakuirudishia upya, iliuzwa na kutu yake na makovu yake. Kati ya nyaraka zake kuna barua ya McQueen mwenyewe ya 1977 akiomba auziwe, na hakuuziwa. Huwezi kutengeneza hivyo vitu gereji. Yako iandike replika kwenye tangazo, neno la kwanza kabisa, weka chasisi namba kamili na picha za kazi kuanzia sakafu ikiwa wazi, mnunuzi makini atalipia hizo picha za sakafu kuliko rangi. Pleti ya JJZ 109 ifunge gari ikiwa imesimama kwenye maonyesho, ukiwasha kwenda barabarani rudisha namba yako ya usajili.