Kufuatilia kitu kwenye picha za joto: skeli moja haitoshi

Nilipoanza kufuatilia watu kwa kamera ya joto, nilikuwa na kichujio kimoja tu (hesabu inayotafuta madoa ya joto kwenye picha), nilichokipima kwa doa lenye upana wa pikseli 3. Mtu akiwa mbali, programu ilimshika vizuri. Akisogea karibu, doa lilifikia upana wa pikseli 12 na programu ikaanza kumkatakata: kichwa ikakihesabu kitu kimoja, mkono kitu kingine. Siku nyingi nilihangaika kupandisha na kushusha kizingiti (kiwango cha kukubali doa), kumbe ubaya haukuwa hapo.

Pitisha kila fremu kwenye Laplasi ya Gauss, kichujio kinacholainisha picha kisha kutokeza madoa, kwa sigma kadhaa (sigma ni upana wa ulainishaji, ndiyo skeli yenyewe): 1, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.7. Kisha tafuta nukta ambayo jibu lake linawashinda majirani wote, wa kwenye picha na wa kwenye skeli za juu na chini. Doa la duara lenye nusu kipenyo r hujibu kwa nguvu zaidi sigma ikiwa r gawanya kwa mzizi wa 2; kwa hiyo doa langu la pikseli 12, yaani r ya 6, lilihitaji sigma ya 4.2 hivi. Na tafadhali, zidisha kila jibu kwa mraba wa sigma. Usipofanya hivyo, skeli ndogo zitapata upendeleo, na utarudi kulekule kwa kichwa na mkono. Tafuta vilele na mabonde pia, maana ardhi iliyopigwa na jua la mchana huweza kuwa na joto kuliko mtu, naye akaonekana mweusi.

Fanya haya yote kwenye data ghafi, mara nyingi ya biti 14, si kwenye video ya biti 8. Video hiyo hurekebishwa mwanga yenyewe: injini ya moto ikiingia kwenye fremu, mtu wako hufifia ingawa joto lake halijabadilika. Pikseli mbovu zibe mapema kwa thamani ya katikati (median) ya majirani zake. Kamera ikifunga shata kujisawazisha, picha huganda kidogo. Acha kichujio cha Kalman, hesabu inayokadiria kitu kitakuwa wapi kwenye fremu ijayo, kikisie; usiifute njia (rekodi ya mwendo wa mtu huyo).

Kichujio hicho wengi hukipa mahali na kasi tu. Kipe na logi (logariti) ya sigma, yaani ukubwa wa doa. Nilipoiongeza, watu wawili walipishana, mmoja karibu na mwingine mbali, na kila njia ikatoka na mtu wake.