Maswali yenu kuhusu Mto Pangani

Sisi wa Arusha tunasema Kikuletwa, wenzetu wa Moshi wanasema Ruvu. Pangani ni upi?

Ni yote miwili. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu hutokea mashariki ya Kilimanjaro na Ziwa Jipe, na hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Toka hapo mto hushuka kupitia Korogwe na Hale mpaka Bahari ya Hindi.

Ni kweli mkonge wetu ulianzia kwenye mto huu?

Kweli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na mji wa Pangani. Mkonge shambani huvumilia ukame. Kiu yake iko kiwandani, maana jani likishapita kwenye korona, yaani mashine ya kuparua majani ya mkonge, singa (nyuzi zake) lazima zioshwe. Na kabla ya mkonge kulikuwa na miwa kandokando ya mto, iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Hilo tusilifiche tunapousifu utajiri wa bonde hili.

Umeme je?

Kituo cha Hale ni megawati 21, tangu 1964. Kituo cha Pangani Mpya ni 68, tangu 1995. Nyumba ya Mungu huzalisha 8 tu, lakini ndiyo ghala: hufunguliwa kidogokidogo ili mitambo ya chini isikose maji kiangazi.

Nalima mpunga. Kila kiangazi tunaambiwa wakulima wa juu ndio wanaomaliza maji. Tunaonewa?

Kwa sehemu, ndiyo. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, kabla ya mkoloni kufika, na walikuwa na zamu zao na wazee wa kuzisimamia. Udhaifu wenu ni mfongo wa udongo. Nenda alfajiri kwenye banio lenu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni: mawe, migomba na majani vimezibwa kwa tope, na maji yanapenya kila upande. Mengi huishia ardhini kabla ya kufika jarubani. Sakafieni pale panapovuja zaidi, mweke lango la kufunga, na yule ambaye si zamu yake afunge kweli. Maji mnayoyaacha yana kazi: mto ukipungua, bahari hupanda na chumvi yake mpaka kwenye mashamba ya wenzenu wa Pangani, na wao hawana wa chini yao wa kumsukumia hasara.