Lanchi naila dawatini, kichwa kinazidi kuwa kizito

SWALI: Anti shikamoo. Mi niko kol senta hapa Posta, saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja jioni hedfoni masikioni, watu wanafoka bando limeisha utadhani nimelila mimi. Lanchi naila hapohapo dawatini huku nachezea simu, nikirudi hewani kichwa ndo kizito kuliko asubuhi. Juzi HR kasema eti tuwe tunakaa kwenye miti. Wanatuzuga au? – Sikio la Kufa, Dar

JIBU: Marahaba mwanangu, jina limenichekesha. Wanawazuga kidogo, ntafika huko, ila kwenye miti hawajakosea.

Kuna wanasaikolojia wa Marekani, Stephen na Rachel Kaplan, wanasema umakini wa kujilazimisha, ule unaomsikilizia mteja huku unachapa, unachoka, na majani yakicheza na upepo unayaangalia tu bila kuutumia kwa hiyo unapata nafasi ya kupumua. Simu sasa haikupi hiyo nafasi, yani lanchi yako umebadilisha tu wa kukupigia kelele.

Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa Uingereza, watu karibu elfu 20, waliokaa bustanini, msituni au ufukweni dakika 120 na zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa wa kusema afya nzuri na maisha yanawaridhisha kuliko wasiotoka kabisa, na hata ukizigawa vipande vipande ni sawa. (We utasema wenye afya ndo wenye nguvu ya kutoka, na mi nililiwaza hilo, inawezekana kabisa, lakini kujaribu ni bure.) Gawa kwa siku tano, dakika 24. Hapo Posta una ile bustani ya mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, kula upesi, simu iache kwenye droo, kaa chini ya mti usifanye kitu. Siku mbili za mwanzo utaboeka, vumilia.

Sasa hao HR. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano unapewa mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hujaniambia we unapewa ngapi, ila kama unakula dawatini nahisi hazifiki, na mti hauwezi kukupunguzia simu za kupokea. Wakirudi na habari za miti waulize kwa upole, tena mkiwa wengi: hiyo saa yetu inaanza saa ngapi?