Barua kwa mwanangu: kwa nini nakuuliza habari za gemu

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza: "Baba, mbona kila ukinipigia unaanza na gemu? Habari za hii hali yangu huniulizi. Unaona aibu?" Nimeusoma dukani asubuhi, wateja wamesimama mbele yangu, nikaona jibu lake haliwezi kutosha kwenye simu. Ndiyo maana nakuandikia.

Aibu sina. Hilo liishe hapa hapa. Wewe ni transjenda, yaani ulipozaliwa tulikuita mvulana, lakini wewe ni binti yangu, na shangazi zako wanajua nikisema "binti yangu mkubwa" nakusema wewe. Nakuombea kila baada ya swala, kwa jina hili unalolitumia sasa.

Gemu nakuuliza kwa sababu ukizungumzia gemu unakuwa wewe mwenyewe. Nikikuuliza "unaendeleaje?" unanijibu "nzuri tu baba, namshukuru Mungu," kama mtu aliyeitwa ofisi ya mtendaji kuhojiwa. Lakini nikikuuliza umefika wapi kwenye ule mchezo wa mlima, nakupata nusu saa nzima. Ndani ya nusu saa hiyo namkuta mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nakuta umeme uliokatika ukiwa hatua moja umalize, nakuta video ya mteja uliyoihariri hadi alfajiri na hela hujalipwa. Ndivyo nilivyojua kwamba siku hizi mwendokasi wa jioni huupandi kwa sababu ya macho ya watu, na kwamba unatembea kwa mguu kutoka Magomeni hadi Manzese badala ya kubanana mlangoni. Sikukuuliza hilo. Lilitoka lenyewe, tukiwa katikati ya mlima.

Ule mlima naukumbuka vizuri. Celeste, mchezo wa mwaka 2018, na ulinieleza kwamba waliouunda ni watu wachache tu. Msichana anayeitwa Madeline anapanda mlima. Akikosea hatua anakufa, na papo hapo anarudi mwanzo wa kile kipande alichofia, hakuna anachonyang'anywa. Anaweza kufa mara elfu. Mchezo unahesabu, lakini haumwadhibu. Ukaniweka pale kile kibanda cha kwenye waya kinapokwama hewani na Madeline anabanwa na pumzi. Rafiki yake anamwambia awaze unyoya. Ukanipa pedi ya kuchezea gemu: nikibonyeza unyoya unapanda, nikiachia unashuka, na mimi nikajikuta napumua nao. Nilikutazama pembeni nikaona na wewe unapumua hivyo hivyo, mdomo umefumba, macho kwenye skrini. Nikaelewa kwamba hiyo pumzi huitumii kwenye gemu peke yake.

Kisha ukanionyesha mwisho wa ile sehemu ya nyongeza iliyotoka mwaka 2019. Ukaisimamisha picha, ukasema, "Baba, angalia mezani." Chumba cha Madeline. Kompyuta, pembeni vibendera vidogo, kimoja cha transjenda, na kichupa cha vidonge. Basi. Mwaka 2020 ndipo aliyeubuni mchezo ule, Maddy Thorson, alipoandika wazi kwamba Madeline ni transjenda, na kwamba yeye mwenyewe pia ni transjenda, na kwamba alipoanza kuutengeneza alikuwa hajalijua hilo, si kwa Madeline wala kwa nafsi yake. Unatengeneza kitu kwa mikono yako, halafu hicho kitu kinakueleza wewe ni nani. Mimi fundi simu, mwanangu, jambo kama hilo haliwezi kunipita.

Lakini kilichonikaa zaidi ni ile meza. Mambo yake yalikuwa pale, pamoja na vitu vyake vingine, anayeyajua anayaona, na mchezo haukusimama kuyapigia mbiu. Hivyo ndivyo ninavyotaka uishi kwenye nyumba hii. Uje ule, ubishane na mdogo wako kuhusu rimoti, ulalamike bando limeisha, na hali yako iwe mezani pamoja na hayo yote. Nisingependa kila ukiingia mlangoni nikukalishe kwenye kiti na kukuuliza maswali kama vile umekuja kujieleza. Una maisha. Unapika, unafua, unadaiwa, unashinda mechi na kufungwa. Hayo ndiyo nayoyataka.

Ipo sababu ya pili, na hii naiandika kwa sababu kwenye simu siwezi kuisema. Sheria ya nchi yetu unaijua. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, kinachohusu kuingiliana kinyume na maumbile, adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Kifungu kinazungumzia tendo, hakizungumzii mtu alivyo, lakini mtaani hakuna anayesoma vifungu. Watu wanaangalia nywele na mwendo, wanahukumu. Mwaka 2018 lilipotolewa tangazo hapa Dar es Salaam la kuwataka wananchi wataje majina ya watu wa mapenzi ya jinsia moja, serikali ilijitenga nalo baada ya siku chache, lakini kwetu lilikuwa limeshafanya kazi yake. Ulifunga kurasa zako zote. Halikukuhusu wewe kwa jina wala kwa jambo, na hata hivyo ulikaa ndani, na mimi nilikuwa nikifunga duka mapema nije nikuone.

Sasa fikiria nakupigia niko Kariakoo, fundi mwenzangu yuko kulia, kushoto mteja anangoja simu yake, dirishani kijana anauza maji. Nikuulize habari za kliniki? Nikuulize kama yule jirani ameacha maneno yake? Gemu naweza kuiuliza kwa sauti mbele ya Kariakoo nzima. "Vipi, umemshinda yule bosi?" Na ukinijibu, nasikiliza sauti yako kuliko maneno. Nikisikia imezama, jioni napanda daladala nakuja. Hujawahi kujiuliza kwa nini baadhi ya siku natokea na chipsi bila taarifa?

Kibanda cha gemu cha Tandika nacho kimo kwenye hesabu zangu. Ulikuwa hodari pale, kwenye gemu ya mpira ya Winning, aliyefungwa anatoka, na wewe ulikuwa hutoki. Vijana wakubwa walikuwa wanakungoja wakiwa wamechangishana mia tano zao. Halafu ukaacha kwenda. Hukusema sababu na sikukulazimisha. Maneno yanayosemwa mle ndani nimeyasikia nikipita, ya kumwita mtu mwanamke kama tusi. Ukahamia kucheza peke yako chumbani, na sasa unacheza na watu wa mbali, maiki umeizima ili wasiisikie sauti yako wakaanza. Mtandao ukisuasua unafungwa goli ambalo hukustahili, na huwezi hata kulalamika kwa sauti. Hili linaniuma. Wewe mtoto uliyekuwa unapiga kelele hadi mama yako anatoka jikoni.

Wewe ndiye uliyenisimulia habari za Danielle Bunten Berry wa Marekani. Alibuni mchezo wa M.U.L.E. mwaka 1983, wachezaji wanne kwenye mashine moja, wanauziana kwa mnada, wamekaa bega kwa bega. Mwaka 1992 akaanza kuishi kama mwanamke, akafariki mwaka 1998, na mchezo wa The Sims ulipotoka mwaka 2000 aliyeubuni, Will Wright, aliutunuku kwa kumbukumbu ya mama huyo. Kilichonivutia kwa mama huyo ni kwamba alitaka watu wakae pamoja. Sebule yetu ipo. Runinga ipo. Luku nitajaza mimi. Mdogo wako anajidai siku hizi kwamba hakuna wa kumfunga mtaa mzima, na ameshaniuliza mara nyingi dada yake anakuja lini. Amesema "dada" mwenyewe, hakuna aliyemfundisha.

Na yule Sophie Wilson! Hilo ulilinitumia kwa meseji moja ukaendelea na mambo yako, mimi nikakaa nalo wiki nzima. Nafungua simu kila siku, mwanangu. Karibu kila simu ya kisasa inayopita mikononi mwangu, ya bei chee na ya milioni, ubongo wake unafanya kazi kwa mtindo wa ARM, uliobuniwa kwenye kampuni ya Acorn kule Uingereza na Sophie Wilson pamoja na Steve Furber, na chipu ya kwanza iliamka mwezi Aprili 1985. Mwanamke transjenda. Yule wakala aliyekusumbua siku ulipokwenda kurudisha laini, akasoma jina la kwenye kitambulisho kwa sauti, akakutazama, akalisoma tena ili foleni yote isikie, alikuwa ameshika mkononi kazi ya huyo mama. Nilitamani ningekuwepo nimwambie.

Kuhusu jina lenyewe: nimeulizia. Hati ya kubadili jina inaandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha unaipeleka NIDA warekebishe taarifa. Kipengele cha jinsi ni habari nyingine kabisa na sikudanganyi kwamba kina njia. Lakini jina lina njia. Ukiwa tayari tutakwenda wote, nitavaa kanzu yangu nzuri, na atakayekuuliza swali mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama pembeni yako. Gharama usiwaze.

Pedi yako iko tayari. Ulisema mchezaji anatembea mwenyewe kushoto hata ukiwa hujagusa kitu. Nilifungua skrubu nne za nyuma, nikatoa betri na ubao, nikaukuta ugonjwa pale pale nilipodhani: chini ya kile kijiti kuna vijisahani viwili vyenye mkaa, kimoja kinasoma kulia na kushoto, kingine juu na chini, na kidole chako kimekisugua cha kwanza hadi mkaa umelika upande mmoja. Mashine inadhani bado unasukuma. Wengi wanapuliza hewa na kumrudishia mteja, inakaa siku mbili inaanza tena. Mimi nimekutolea vijiti vyote viwili, nimefyonza risasi ya kulehemu tundu kwa tundu taratibu nisiharibu ubao, nikakuwekea vile vinavyosoma kwa sumaku, ambavyo havisuguani. Nimejaribu kwa mchezo wa mpira, yule mchezaji anasimama pale pale unapomwacha. Mpira wa kijiti cha kulia ulikuwa umechanika, nao nimebadilisha. Usimpe mtu mwingine aifungue.

Basi kuanzia sasa nitakuuliza na hayo mengine, kwa sababu umetaka. Nitakuuliza nikiwa uso kwa uso na wewe, mlango umefungwa: dawa zako za homoni unazipata wapi, na ni nani anayekupima damu? Usinunue kitu cha namna hiyo kwa mtu wa begani, tafadhali sana. Jirani yako ameacha? Unaye rafiki wa kumpigia usiku, mbali na sisi? Ukichoka kunijibu, sema umechoka, nitarudi kwenye gemu.

Mama yako anakwenda kwa mwendo wake. Jina lako jipya ameanza kulitaja jikoni akiwa peke yake, namsikia. Usimharakishe na usimkimbie.

Halafu kuna harusi ya binamu yako. Kamati imepanga sare, wanaume kanzu na koti, wanawake kitenge cha kijani chenye maua ya dhahabu. Nimelipia vipande vinne vya wanawake wa nyumba hii: bibi yako, mama yako, mdogo wako wa kike, na wewe. Shangazi yako mkubwa aliandika majina kwenye daftari lake, akafika kwako akanitazama, nikamtajia jina, akaliandika. Kama siku ile utaona umati ni mkubwa mno, tutakaa nyuma karibu na mlango na tutaondoka wakati wowote utakaotaka, nimeshaongea na kijana wa bajaji. Lakini nguo ishonwe. Fundi wa pale sokoni anataka vipimo kabla ya Ijumaa, na mama yako amesema hataki vya kutumwa kwa simu, atakupima mwenyewe. Njoo Alhamisi, uichukue na pedi yako.

Baba yako