Ukitaka kufufua Landrova ya zamani, anza chini kwenye chesesi, rangi iangalie mwisho

Landrova yangu ya kwanza niliinunua Tanga mwaka 2016 na nitasema ukweli, niliinunua kwa sababu ya rangi. Kijani cha kung'aa, matairi mapya, siti zimeshonwa upya, dalali akaniambia kaka hii ni Series IIA (toleo la zamani, kabla ya Series III) ya mwaka 1964, wan-o-nain, yaani 109, ile ndefu, inchi kati ya tairi za mbele na za nyuma, ilikuwa ya misheni, padri mmoja tu ndo kaiendesha maisha yake yote. Nikatoa milioni 11. Baada ya miezi mitatu fundi wangu akaipandisha, akachukua nyundo ndogo akagonga chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, karibu na springi ya nyuma, na kichwa cha nyundo kikazama ndani. Ilikuwa puti. Mtu alisokomeza magazeti kwenye tundu la chesesi, akajazia puti juu, akasawazisha kwa msasa akapaka rangi nyeusi nzito ya lami, ikikauka unaona chuma kizima. Tulivuta kipande cha gazeti bado kinasomeka.

Naandika hii kwa sababu tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha Oktoba 2024 naona vijana wengi wanazitafuta, na kila mwenye Landrova juu ya mawe nyuma ya nyumba ameshajua kuwa ana mali, kwa hiyo bei zinatajwa kubwa na hadithi zinatungwa. Sitaki mtu mwingine auziwe mbuzi kwenye gunia.

Utasikia watu wanasema Landrova haiozi. Bodi ndo haiozi kama bati la kawaida, maana ni aluminiamu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndo wakatumia aluminiamu. Lakini chesesi ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na dereva, mafundi wanauita faya woli, nao ni chuma, na hivyo viwili ndo gari lenyewe. Bodi unaweza kuifungua kwa spana mchana mmoja ukaiweka pembeni. Kwa hiyo nenda na nyundo ndogo na sumaku, hata ile ya spika iliyokufa inatosha. Sumaku ipitishe kwenye madigadi, boneti na milango kwa nje, haitakiwi kushika, ikishika ujue pamewekwa bati la mtaani. Kwenye zile kingo za chuma za nyuma na kwenye fremu za mlango itashika, hiyo ni kawaida, usimgombeze mwenye gari bure. Pale aluminiamu inapokutana na chuma angalia kama kuna unga mweupe umetokeza chini ya rangi, huo ndo ugonjwa wake, inaliwa taratibu.

Nyundo ni ya chesesi. Gonga boriti ya nyuma, gonga ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, gonga kuzunguka hanga za springi, pale springi zinaposhikwa kwenye chesesi. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Halafu vuta mpira au kapeti pale dereva anapoweka miguu, faya woli inaanza kuoza hapo. Mwenye gari akikukataza kugonga basi umeshapata jibu, aga kwa heshima uondoke. Na gari lililokaa pwani, Tanga, Dar, Unguja, lala chini yake ulikague mara mbili zaidi ya la Dodoma au Singida, chumvi haina huruma na chesesi.

Sasa namba, na hapa ndo penye utajiri wote wa kujua kama gari ni halisi. Chukua kadi ya gari, chukua kibati cha namba kilichogongwa ndani, halafu lala chini upande wa kulia mbele, pale hanga ya springi ya mbele ilipo, sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo. Namba ya chesesi imechongwa hapo. Namba za IIA ni tarakimu nane na herufi moja mwisho, na tarakimu tatu za kwanza zinakwambia gari ni nini, kwa mfano 252 ni IIA ya 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kuuzwa nje. Kadi yangu ilianza na 252, sawa kabisa na maneno ya dalali. Kwenye chuma tulisugua tukakuta 912. Hiyo ni Series III, nazo zilianza kutoka 1971. Yaani gari la 1964 limesimama juu ya chesesi ambayo 1964 haikuwepo duniani. Gari mbili zimefanywa moja, na mimi nimelipa bei ya moja iliyo nzima.

Baada ya hapo kila kitu kikaanza kuongea. Taa za mbele zilikuwa kwenye madigadi, wakati IIA ya 1964 taa zake zinakaa katikati pale pale kwenye shoo, ile grili ya mbele, zilihamia pembeni mwishoni mwa miaka ya 60. Dashibodi ilikuwa sahihi, saa ziko katikati na si mbele ya dereva kama Series III, kwa hiyo faya woli ndo kitu pekee cha mwaka huo kilichobaki. Gia nayo, IIA ya kweli gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kinachofanya gia iingie laini, ukishusha kwenda namba mbili bila kukanyaga klachi mara mbili inakwaruza. Ya kwangu iliingia laini kama Toyota, nikafurahi siku ile ya kununua, kumbe ule ulaini ndo ulikuwa ushahidi kuwa gia boksi si yake.

Hadithi ya misheni niliimaliza kwa sarafu. Nilinyanyua mto wa siti, nikakwangua pembeni ya boksi la siti pale ambapo hakuna mtu anayejisumbua kupiga msasa, ikatoka kijani mpya, chini yake bluu, chini yake kijivu. Dalali aliniambia padri aliitunza kijani tangu mpya. Mtu akikwambia gari lilimbeba kiongozi fulani au lilikuwa la hifadhi fulani, muombe kadi ya zamani, picha, risiti yoyote, na rangi ya chini ikubaliane na maneno. Bila hivyo hadithi isiongeze hata shilingi kwenye bei.

Nisieleweke vibaya, gari lililobadilishwa chesesi si gari la wizi. Uingereza mpaka leo wanatengeneza chesesi mpya za Series, zimezamishwa zinki, na mtu akiiweka moja na makaratasi yakasema hivyo mimi namlipa vizuri tu. Vile vile injini, nyingi huku zilitolewa ile ya petroli ya 2,286 cc zikawekwa dizeli ya Toyota kwa sababu watu walitaka kufika safari zao, siwezi kuwalaumu. Ila muulize injini ya zamani iko wapi. Mara nyingi ipo stoo chini ya magunia na anakupa bure, na ukiirudisha thamani kwa mtu anayejua inapanda. Na namba za kadi na chuma zikipishana usilipe hata kishika uchumba kabla polisi hawajakagua na TRA, mamlaka ya mapato, hawajathibitisha, ninamaanisha hata laki moja usitoe.

Bei mimi napiga hivi. Natafuta gari kama hilo lililokamilika limeuzwa kweli kwa shilingi ngapi, bei iliyotajwa tu siihesabu. Natoa chesesi, natoa faya woli, gia boksi, injini, nyaya, rangi, kwa bei za fundi aliyeliona gari kwa macho yake, halafu natoa tena theluthi ya hizo gharama kwa yale ambayo hatujayaona, maana yapo. Kinachobaki ndo cha kumpa mwenye gari. Mara nyingi kinabaki kidogo sana na inauma kumwambia mzee wa watu, lakini bora umwambie mkiwa bado mnakunywa chai.

Ya pili niliipata Singida, kwa mzee mstaafu. Haina rangi ya maana, kutu ya chesesi inaonekana wazi, tairi mbili hazipo, ndege walikuwa wamejenga kwenye kisafisha hewa. Nikalala chini na brashi. 2, 5, 2, nikaendelea kusugua, tarakimu zikatoka moja moja mpaka ile herufi ya mwisho, mzee kasimama juu yangu ameshika kadi ananisomea kwa sauti na kila moja inakubali. Akaniuliza, mwanangu, ni yenyewe? Nikamwambia ni yenyewe mzee. Nimempa milioni 6, na mpaka leo boriti ya nyuma tu ndo tumekata tukachomelea mpya.